Utumishi Mwema Dukani

Hotuba kwa wenye maduka madogo ya mbegu, mbolea na dawa za mifugo, pamoja na watumishi wao

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu hulijua, lakini si wengi wanaolitenda kila siku, nalo ni jinsi ya kumhudumia mnunuzi dukani. Sitasema juu ya yale maduka makubwa ya mijini. Nitasema juu ya duka dogo lililo kando ya soko, lenye mwenyewe na watumishi wawili au watatu, ambamo mkulima hununua mbegu za mahindi, mbolea, dawa ya kuogeshea ng'ombe na chakula cha kuku. Watu wa Kenya huliita agroveti.

Nimelichagua duka la namna hii kwa sababu maalum. Katika duka la nguo, mtumishi akikosea, mnunuzi hupata shati lisilomfaa, naye hulirudisha kesho yake. Katika duka la mbegu, mtumishi akikosea, mkulima hulitambua kosa baada ya miezi mitatu au minne, wakati mvua imekwisha na watoto wanangoja chakula. Hapo hapana la kurudisha. Kwa hiyo utumishi mwema katika duka hili si maneno matamu tu wala kucheka na watu. Ni sehemu ya chakula cha nyumba nyingi.

THAMANI YA MNUNUZI MMOJA

Wenye maduka wengi hufikiri kwamba faida hutoka katika bidhaa. Lakini bidhaa zile zile zinapatikana katika duka la jirani, na mara nyingi kwa bei ile ile, maana zimenunuliwa kwa mwuzaji wa jumla mmoja. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 haubadiliki kwa kuvuka barabara. Kinacholitofautisha duka moja na jingine ni mtu asimamaye nyuma ya meza.

Na tufanye hesabu kidogo. Tuseme mkulima mmoja hutumia shilingi 500 kila juma katika duka lako, kwa chakula cha kuku, chumvi ya ng'ombe na dawa ndogo ndogo. Mwaka una majuma 52. Basi mtu huyu hukuletea shilingi 26,000 kwa mwaka. Kama faida yako ni shilingi 10 katika kila shilingi 100, yeye peke yake hukupa faida ya shilingi 2,600. Sasa mtumishi wako amemjibu kwa dharau kwa ajili ya chenji ya shilingi 20, naye hakurudi tena. Je, duka limepoteza nini? Mtumishi atafikiri amelihifadhia duka shilingi 20. Kwa kweli amelipotezea shilingi 2,600 za mwaka huu, na za mwaka ujao vile vile. Wakiondoka watu kumi wa namna hiyo, faida iliyopotea ni shilingi 26,000. Tena mtu aliyeudhika hanyamazi: husimulia kanisani, msikitini, katika chama cha akina mama na penye kituo cha matatu. Wahenga walisema, Bandu bandu huisha gogo. Duka halifi kwa siku moja; hufa kwa mnunuzi mmoja mmoja.

Jambo hili si geni wala si la nchi yetu tu. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, watu 28, wengi wao wakiwa wafumaji na mafundi wenye mapato madogo, walichanga fedha wakafungua duka la ushirika. Walianza na bidhaa chache, kama unga, siagi, sukari na mishumaa. Zama zile wauzaji wengi walikuwa wakichanganya vyakula na vitu visivyofaa, na kupunja mizani. Duka la Rochdale likashika masharti: bidhaa iwe safi, kipimo kiwe kamili, na faida igawanywe kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi yao. Duka lile dogo likakua, na kanuni zake zikafuatwa na vyama vya ushirika katika nchi nyingi, na vya Kenya pia. Wale watu walianza na mtaji mdogo sana. Lakini mnunuzi alijua kwamba akiingia mlangoni mwao hatadanganywa.

KUMPOKEA MTU

Mkulima aingiapo dukani, huenda ametembea mwendo wa saa nzima, au amelipa bodaboda. Jambo la kwanza analostahili ni kuonekana. Mtumishi na ainue macho yake kutoka katika simu, amwamkie: "Karibu, mama. Habari za nyumbani?" Kama anamhudumia mtu mwingine, na amwambie, "Mzee, nimekuona. Nikimaliza hapa nakuja kwako." Maneno hayo hayana gharama. Mtu aliyeambiwa kwamba ameonekana huweza kungoja dakika kumi bila kuchukia. Lakini yule asiyeambiwa neno huona dakika tatu kuwa ni nusu saa.

Kuna tabia mbili ambazo hazina budi kuondolewa. Ya kwanza ni kumhudumia kwanza mtu mwenye gari au mwenye suti, na kumwacha mwanamke aliyekuja kwa miguu kununua dawa ya minyoo ya shilingi chache. Watu wahudumiwe kwa jinsi walivyofika. Mwanamke yule anajua kuhesabu, na kesho atakapouza maziwa yake au majani yake ya chai, atapeleka fedha mahali alipopewa heshima.

Tabia ya pili ni ya watumishi wawili kuzungumza kwa lugha ya kwao, na kucheka, mbele ya mnunuzi asiyeijua lugha hiyo. Labda wanazungumza juu ya mpira. Lakini mnunuzi hana njia ya kujua. Yeye hudhani anachekwa. Katika soko lenye watu wa makabila mbalimbali, Kiswahili na kiwe lugha ya meza ya duka. Mnunuzi akianza mwenyewe kwa lugha yake, na mtumishi akaijua, hapo ni vyema kumjibu kwa hiyo.

KUULIZA KABLA YA KUUZA

Sasa nakuja kwenye jambo lililo kubwa kuliko salamu. Mkulima asema, "Nipe mbegu ya mahindi." Mtumishi asiyefundishwa hunyosha mkono akachukua pakiti iliyo karibu, au ile ambayo faida yake ni kubwa. Mtumishi aliyefundishwa huuliza kwanza maswali matatu: Shamba lako liko upande gani? Ni ekari ngapi? Wataka kupanda lini?

Maswali haya si udadisi. Tangu mwaka 1964, mahindi chotara ya kwanza yalipotolewa kwa wakulima kutoka Kitale, aina za mbegu zimekuwa nyingi sana, na kila aina ina mahali pake. Mbegu kama H614 ni ya nchi ya juu, mahali palipo mita 1,500 hivi mpaka 2,100 juu ya usawa wa bahari, nayo hukaa shambani karibu miezi sita au zaidi. Mbegu ya Katumani, yenye jina la kituo cha utafiti kilicho karibu na Machakos, ilitengenezwa kwa ajili ya nchi yenye mvua chache, na hukomaa kwa siku 90 mpaka 120 hivi. Mkulima wa nchi kavu ya Makueni akipewa mbegu ya Kitale, mahindi yatapanda juu yakiwa na majani mazuri ya kupendeza, kisha mvua itakatika kabla ya mahindi kuzaa. Mkulima atalaumu mvua. Jirani yake aliyepata mbegu iliyofaa atavuna, na hapo ndipo ukweli utakapojulikana.

Swali la ukubwa wa shamba nalo lina faida yake. Ekari moja ya mahindi hutaka kilo 10 hivi za mbegu, yaani pakiti tano za kilo mbili. Mkulima akinunua pakiti tatu kwa ekari moja, yafaa aambiwe. Na akitaka kununua pakiti nane, yafaa aambiwe pia, ingawa duka lingepata fedha zaidi kwa kunyamaza. Vivyo hivyo kwa mbolea. Wako watu ambao kwao mbolea ni mbolea tu. Mtumishi na awaeleze kwamba DAP ni ya kupandia, inawekwa shimoni na kuchanganywa na udongo ili isiunguze mbegu, na CAN ni ya kukuzia, inawekwa baadaye mahindi yakiwa yamefika magotini na udongo ukiwa na unyevu.

Chukueni mfano mwingine. Mama aja asema, "Kuku wangu wanakufa, nipe dawa." Mtumishi na aulize: Wamekufa wangapi? Kwa siku ngapi? Wanaharisha kijani? Wanapinda shingo? Ikiwa dalili zinaonyesha kideri, hakuna dawa ya kuwaponya. Kuna chanjo tu, ambayo hutolewa kabla ya ugonjwa kuingia. Mtumishi akimwuzia mama huyu chupa ya dawa ya vijidudu, amechukua fedha zake bure, na kuku watakufa vile vile. Lakini akimwambia kweli, na kumshauri amwite mganga wa mifugo, azike waliokufa, asiwauze waliobaki sokoni, na awachanje watakaofuata, mama ataondoka bila chupa lakini atarudi kununua chanjo. Haya ndiyo mauzo ya kesho.

Na je, mtumishi asipojua? Na aseme, "Bwana, jambo hili silijui vema, ngoja nimwulize mwenye duka," au ampigie simu ofisa wa kilimo au wa mifugo. Neno "sijui" halimshushi mtu. Kinachomshusha ni kubahatisha kwa fedha ya mtu mwingine.

MAANDISHI YALIYO JUU YA CHUPA

Kazi yangu mimi ni kufasiri maandishi ya Kiingereza kwa Kiswahili, na katika kazi hiyo nimejifunza jambo moja: mtu asiyeelewa maandishi mara nyingi hasemi kwamba haelewi. Hutikisa kichwa, akashukuru, akaenda zake. Vibandiko vingi vilivyo juu ya dawa vimeandikwa kwa herufi ndogo sana na kwa maneno ya kitaalamu. Basi mtumishi wa duka ndiye mfasiri wa mwisho. Akikosea yeye, hakuna mwingine wa kusahihisha.

Kuna mambo manne ambayo kila mtumishi yampasa kuweza kumwonyesha mnunuzi kwa kidole chake. La kwanza ni rangi ya utepe ulio chini ya kibandiko cha dawa ya wadudu au magugu. Nyekundu ndiyo yenye hatari kuu. Kisha manjano, kisha buluu, kisha kijani. Hata ya kijani si maji ya kunywa. La pili ni kipimo cha kuchanganya. Ikiwa kibandiko chasema mililita 40 kwa lita 20 za maji, ndivyo iwe. Mkulima akipunguza dawa ya kupe ili idumu, kupe hawafi wote. Wanaobaki huizoea dawa, na ng'ombe hufa kwa ndigana kali. La tatu ni siku za kungoja. Mboga zilizopuliziwa dawa zina siku zake kabla ya kuchumwa, na ng'ombe aliyepigwa sindano ya dawa ya vijidudu ana siku ambazo maziwa yake hayafai kunywewa wala kuuzwa. La nne ni tarehe ya mwisho wa dawa.

Usimwulize mnunuzi, "Umeelewa?" maana kwa adabu atajibu ndiyo. Mwambie hivi: "Mama, hebu nieleze utakavyochanganya ukifika nyumbani, nione kama nimekueleza vizuri." Kwa maneno hayo hujamwaibisha, umejipima wewe mwenyewe. Akikosea, mweleze tena, tena kwa upole, na umwandikie kipimo kwa kalamu juu ya karatasi kwa tarakimu kubwa.

Hapa lazima niseme kwa ukali kidogo. Usimpimie mtu dawa ya sumu katika chupa ya soda. Mnunuzi ataomba, maana hana fedha za chupa nzima, nawe utamhurumia. Lakini chupa ile itawekwa chini ya kitanda au juu ya kabati, na mtoto ataiona, ataijua kwa umbo lake, na atainywa. Kumkatalia mnunuzi kwa upole, na kumshauri achange na jirani yake wanunue chupa moja, ni utumishi mwema kuliko kumpa alichoomba.

Kwa mbegu, mwonyesheni mkulima kile kibandiko cha kukwaruza kilichowekwa kwa utaratibu wa KEPHIS, shirika la Serikali linalosimamia ubora wa mbegu. Msaidieni kukikwaruza na kupeleka tarakimu kwa simu, ajibiwe kama mbegu ni halali, kabla hajatoka dukani. Duka linalofanya hivyo kwa hiari yake halihitaji kujisifu.

MIZANI NA FEDHA

Sheria ya Vipimo, Sura ya 513 ya Sheria za Kenya, yataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Mizani na iwekwe mahali ambapo mnunuzi anaona mshale wake au tarakimu zake. Mtumishi aanze kwa kuonyesha kwamba mizani imesimama katika sifuri. Kama chakula cha kuku kinauzwa kwa gorogoro, basi gorogoro iwe nzima; ile iliyobonyezwa chini kwa nyundo ni wizi, hata kama soko zima linafanya hivyo.

Bei na ziandikwe. Pasipo bei iliyoandikwa, kila mnunuzi hudhani kwamba mwenzake ameuziwa kwa bei rahisi. Chenji na ihesabiwe kwa sauti katika mkono wa mnunuzi. Dukani pasipokuwa na sarafu, kosa hilo ni la duka. Mnunuzi asilazimishwe kuchukua peremende asizozitaka. Mwenye duka aweke sarafu za kutosha tangu jioni ya jana.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, wanunuzi wengi hulipa kwa simu. Hapo pana adabu yake. Mtumishi asimpokonye mzee simu yake, wala asimwulize nambari yake ya siri, hata kama mzee mwenyewe anataka kuitaja. Ujumbe wa malipo ukichelewa, asimwambie, "Wewe hujalipa," bali aseme, "Mzee, ujumbe wako haujanifikia, tafadhali kaa hapa kitini tungoje pamoja." Na kwa kila malipo, makubwa kwa madogo, itolewe risiti yenye jina la bidhaa na tarehe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MNUNUZI ALIYEKUJA NA MALALAMIKO

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike nazo, haki ya kulindwa afya yake na mali yake, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa ajili ya bidhaa mbovu. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 ilikuja baada yake. Basi mtu anayerudi dukani kulalamika hakuja kuomba msaada. Amekuja na haki yake mkononi.

Tuseme mkulima aja na hasira: mbegu hazikuota. Mtumishi mbaya husema, "Mbegu zetu ni nzuri, wewe ndiwe hukupanda vizuri." Labda ni kweli. Lakini maneno hayo yanafunga mlango. Mtumishi mwema hufuata njia hii. Kwanza, humsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Pili, humshukuru kwa kurudi, maana angaliweza kwenda kulitangaza jambo hilo sokoni. Tatu, huomba risiti na pakiti yenye nambari ya fungu la mbegu, na kuuliza zilipandwa lini, kwa kina gani, na mvua ilikuwaje. Nne, hutazama daftari kama wengine walionunua fungu lile wamelalamika. Tano, humwambia waziwazi jambo litakalofanywa na siku ya kupata jibu, na siku hiyo humpigia simu, hata kama jibu bado halijapatikana. Ikiwa fungu zima ni bovu, kampuni ya mbegu na KEPHIS wapewe habari mara moja, ili wakulima wengine waokolewe.

Kwa mambo madogo, mwenye duka ampe mtumishi wake uwezo wa kuamua. Tuseme ni kiasi cha shilingi 200: mfuko uliopasuka, chenji iliyokosewa, kifuniko kinachovuja. Mtumishi na amalize jambo papo hapo na kuliandika. Ni aibu mnunuzi kungoja saa mbili mwenye duka arudi kutoka benki kwa ajili ya kifuniko.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Wapo wanunuzi walevi, wapo wenye matusi, na wapo wanaowashika mikono wasichana wa dukani. Kumhudumia mtu si kutukanwa naye. Mwenye duka asiyemtetea mtumishi wake mbele ya mtu kama huyo, kwa kuogopa kupoteza mauzo ya siku moja, atampoteza mtumishi aliye bora kuliko mauzo hayo.

WAJIBU WA MWENYE DUKA

Mpaka hapa nimesema zaidi juu ya mtumishi. Sasa nakugeukia wewe, mwenye duka. Mtumishi huwatendea wanunuzi kama wewe unavyomtendea yeye. Ukimkaripia mbele ya watu asubuhi, mchana atamkaripia mama wa watu. Ukimsimamisha tangu saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku bila chakula wala kiti, usishangae akijibu kwa kununa.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imeweka mambo wazi. Mtumishi wa miezi mitatu au zaidi apewe mapatano yake ya kazi kwa maandishi. Apate siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Baada ya miezi kumi na miwili ya kazi apewe likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 pamoja na mshahara wake. Na makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Haya si hisani, ni sheria. Tena ni faida kwako, maana mtumishi anayekaa miaka mitatu huwajua wakulima kwa majina, hujua nani ana ng'ombe wa maziwa na nani hulima nyanya. Ukibadilisha watumishi kila baada ya miezi minne, kila mara unaanza na mtu asiyemjua mtu.

Wengine huniambia, "Nikimfundisha kijana, ataondoka afungue duka lake mbele ya langu." Huenda. Lakini fikirini: kijana asiyefundishwa akikaa, je, hasara yake si kubwa zaidi? Yeye atauza mbegu ya Kitale kwa watu wa Makueni, msimu baada ya msimu, kwa jina lako wewe lililoandikwa juu ya mlango.

Wengine husema, "Mnunuzi hataki maneno mengi, anataka bei rahisi." Ni kweli kwamba bei ina nguvu. Lakini mkulima aliyepoteza ekari mbili kwa ajili ya mbegu isiyofaa hatakumbuka kwamba alipunguziwa shilingi 50.

MAJUMA MANNE YA KUANZIA

Kufundisha watumishi hakuhitaji shule wala fedha nyingi. Chukueni dakika 15 kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, kwa muda wa majuma manne.

Juma la kwanza, fanyeni mazoezi ya kupokea watu. Mwenye duka awe mnunuzi: leo mzee asiyesikia vizuri, kesho mtu mwenye haraka, keshokutwa mwenye hasira. Mtumishi amhudumie, na wenzake waseme walichokiona, kizuri kwanza, kisha kinachohitaji kurekebishwa.

Juma la pili, someni bidhaa. Kila siku chukueni bidhaa mbili, msome vibandiko kwa sauti na kuvieleza kwa Kiswahili chepesi, kama vile mtu anavyomweleza mama yake mzazi. Kwa juma moja la siku sita mtakuwa mmejifunza bidhaa kumi na mbili. Kwa mwaka mtazijua zote zilizo dukani.

Juma la tatu, anzisheni madaftari mawili. Moja ni la malalamiko: tarehe, jambo lenyewe, na lilivyomalizika. La pili ni la vitu vilivyoulizwa vikakosekana. Daftari hili la pili litawaambia mnunue nini juma lijalo, maana wanunuzi wenyewe wamewaandikia.

Juma la nne, hesabuni. Malalamiko yalikuwa mangapi? Mangapi yalimalizwa siku ile ile? Ni mkulima gani wa zamani ambaye hamjamwona? Mpigieni simu mmwulize hali yake, bila kumlaumu. Na mtumishi aliyefanya vizuri apongezwe mbele ya wenzake. Mkiweza kumwongezea kitu kidogo juu ya mshahara, mwongezeeni.

Fanyeni mazoezi haya kabla ya mvua, si wakati wa mvua. Siku mvua ya kwanza inyeshapo, watu husongamana mlangoni na hapana nafasi ya kufundishana. Siku hiyo mtu mmoja akae nje ya meza, apite katika foleni akiuliza yale maswali matatu na kuandika majibu katika kikaratasi, ili mkulima afikapo mezani pasiwe na kubahatisha.

Mabibi na Mabwana, mkulima anapoweka noti zake juu ya meza yenu, hanunui pakiti tu. Ameuza mbuzi, au amekopa katika chama, naye anaweka msimu mzima wa nyumba yake katika mikono ya kijana aliye nyuma ya meza. Mfundisheni kijana huyo, mlipeni haki yake, nanyi watumishi mjifunze kwa bidii, ili fedha ile izae chakula. Wakulima wakivuna, watarudi kununua. Na wakirudi, ninyi nyote mtakuwa na kazi.